Mpaka Si Msamaha wa Deni la Mtoto

Mwanamume anayetaka kuwakimbia watoto wake hapa Bwera hahitaji pasipoti, wakili wala ujanja mwingi. Anashuka Mpondwe, anavuka daraja la mto Lhubiriha, anaingia Kasindi, upande wa Kongo, basi. Kuanzia hapo amri ya hakimu wa Uganda haimgusi tena. Anaweza kufungua duka, kuoa upya Beni au Butembo, kujenga nyumba ya matofali na kuitwa mzee wa kanisa. Upande huu mkewe wa kwanza anahangaika na kodi ya chumba, karo ya watoto na faili la mahakama linalokula vumbi. Tumezoea kusema kwamba hiyo ndiyo bahati mbaya ya kuishi mpakani. Bahati gani? Huo ni wizi wa chakula cha watoto, na serikali mbili zinautazama zikiwa zimekunja mikono.

Nasema serikali mbili kwa sababu uovu huu hauna uraia. Wapo Wakongo waliooa mabinti wa Bwera na Kisinga, wakaaga kwamba wanakwenda kuuza kahawa, wasionekane tena. Wapo pia wanaume wa Kasese waliozaa na wanawake wa Kasindi na Mutwanga, kisha siku ya kudaiwa wakakumbuka ghafla kwamba wao ni raia wa Uganda. Mtoro ni yule yule, tofauti ni kitambulisho anachokitoa mfukoni.

Wala ndoa hizi si kioja. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wana lugha moja na milima ile ile ya Rwenzori. Mstari uliowagawa ulikubaliwa na Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani mjini Brussels mwaka 1910, na hakuna aliyewauliza wakwe. Tangu hapo watu wameendelea kuoana bila kujali mstari huo. Bibi harusi anavuka, mbuzi wa mahari wanavuka, maiti anavushwa kwenda kuzikwa kwao. Siku ya soko Mpondwe, samaki, vitenge, kakao na mafuta ya mawese vinapita kwa baiskeli, kwa lori na kwa kichwa. Kinachogota kwenye ukingo wa mto ni karatasi moja tu, ile inayosema kwamba baba fulani atoe shilingi kadhaa kila mwezi kwa ajili ya mtoto wake.

Tusidanganyane kwamba tatizo ni kukosa sheria. Uganda ina Sheria ya Watoto iliyoanza kutumika mwaka 1997 na kurekebishwa 2016. Inamtaka mzazi amlishe mtoto wake, amvike, amsomeshe na amtibu, awe alimzaa ndani ya ndoa au nje ya ndoa. Mama anaweza kwenda mbele ya mahakama ya familia na watoto akaomba amri ya malezi, na baba akikaidi, mahakama ina uwezo wa kuagiza mali yake ikamatwe au mshahara wake ukatwe. Kwa mwanamume aliyebaki Kasese mjini, sheria hiyo ina meno. Ana ajira, ana shamba, ana pikipiki, na mwenyekiti wa kijiji, wa LC1, anajua anakolala.

Kongo nayo ina Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyofanyiwa marekebisho makubwa Julai 2016. Wajibu wa kulea umo, talaka ni kazi ya mahakama, na tribinali ya amani ndiyo inayosikiliza mashauri ya familia. Kwa hiyo Bwera kuna sheria na Kasindi kuna sheria. Balaa limelala katikati, katika upana wa mto ambao kijana anauvuka kwa miguu wakati wa kiangazi.

Ebu tumfuate mama mmoja katika safari hiyo. Hana jina, kwa sababu ni wengi. Mumewe yuko Butembo. Akitaka kumshitaki Bwera, mahakama inahitaji ruhusa maalumu kabla hati ya wito haijapelekwa nje ya nchi. Ruhusa ikipatikana, nani ataipeleka hati hiyo Butembo, kwa nauli ya nani? Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, na kila tarehe mama anafunga kibanda chake cha nyanya, anapoteza mauzo ya siku. Tuseme ameshinda, mume hakutokea na hakimu ameamuru alipe. Sasa mama ana karatasi yenye muhuri, na mume ana mto.

Aipeleke Kongo basi? Sheria ya Kongo ya Aprili 2013 kuhusu mahakama inaruhusu hukumu ya nje itekelezwe, ila kwanza ipite kwenye tribinali ya juu, ile ya grande instance, ikaguliwe. Hukumu iwe ya mwisho, nakala yake iwe halisi, haki ya utetezi iwe imeheshimiwa, na isipingane na misingi ya dola ya Kongo. Masharti hayo hayamsumbui mfanyabiashara anayedai fedha za mbao. Mama anayedai unga yanamfungia mlango. Amri yake imeandikwa kwa Kiingereza, mahakama inasoma Kifaransa. Anatakiwa awe na mtafsiri anayetambulika, wakili, nauli ya kilomita 80 hadi Beni, na moyo wa kupita katika nchi ambayo waasi wa ADF wameijaza makaburi. Akifika, wakili wa mume anasimama na kudai kwamba amri ya malezi inaweza kubadilishwa wakati wowote, kwa hiyo si hukumu ya mwisho. Mtoto anaota meno ya ukubwani huku wasomi wakibishana kama deni lake limeiva.

Talaka yenyewe nayo ina kisiki chake. Sheria ya Talaka ya Uganda ni ya mwaka 1904, na inamtaka anayeomba talaka awe na makao yake ya kisheria Uganda siku anapoleta ombi. Kwa mwanamke aliyezaliwa Kongo, akaolewa Bwera na kuachwa Bwera, hapo pana mjadala mrefu wa mawakili, na mjadala wa mawakili hulipiwa. Kwa miaka mingi Sheria ya Mirathi ilitamka kwamba makao ya mke hufuata makao ya mumewe, yaani hata mume akitoroka, kisheria mke anamfuata. Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho mwaka 2007. Mahakama hiyo hiyo ndiyo iliyoamua mwaka 2004 kwamba sababu za talaka ziwe sawa kwa mume na mke, maana kabla ya hapo mume alitosheka na uzinzi peke yake, ilhali mke alitakiwa kuongeza na kosa jingine. Majaji wamefanya sehemu yao. Wabunge je? Muswada wa ndoa na talaka waliupigia kelele hadi ukawekwa kabatini mwaka 2013, na wengi wao wana nyumba zaidi ya moja za kulinda.

Jambo linalonichoma zaidi ni hili. Katika vitabu vya sheria vya Uganda imo sheria ya tangu enzi za Mwingereza inayowezesha amri ya malezi iliyotolewa Uingereza isajiliwe na kutekelezwa huku. Mkoloni alijua kwamba maofisa wake wangewaacha wake zao London na kuja kustarehe Entebbe, akaweka njia ya kuwafuata. Hata hukumu za deni za Kenya na Tanzania zimewekewa utaratibu wa kuvuka kuja kwetu. Kongo haimo. Mama wa London, umbali wa safari ya ndege ya usiku kucha, ana njia iliyoandikwa. Mama wa Kasindi, ambaye akiita kwa sauti anasikika Mpondwe, hana. Zaidi ya miaka 60 ya uhuru, na bado sheria yetu inamjali mke wa mkoloni kuliko shemeji yetu wa ng'ambo ya mto.

Najua jibu la wakubwa. Watasema Kongo kuna vita, dola ni dhaifu, haiwezekani kumfuata mtu mmoja mmoja. Uongo! Mambo mangapi yamewezekana katika mpaka huu huu pale serikali zilipotaka?

Juni 2019 Ebola ilivuka. Mtoto wa miaka 5, ambaye mama yake ni Mkongo na baba yake ni wa huku, alirudi na familia kutoka kumuuguza babu upande wa Kongo, akafikishwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha Bwera ambako alifariki. Ndani ya siku chache maofisa walikuwa na orodha ya kila aliyemgusa. Walifika hadi vijijini, wakagonga milango, wakafuatilia watu kwa siku 21. Wizara za afya za Kampala na Kinshasa zilizungumza na kukubaliana nani avushwe kwenda wapi. Familia ile ilikuwa ya pande mbili kama maelfu ya familia zetu, na serikali ziliweza kuifuata hatua kwa hatua. Ziliweza kwa sababu ziliogopa.

Tarehe 16 Juni 2021, Rais Museveni na Rais Tshisekedi walikutana hapa mpakani kuzindua ujenzi wa barabara, ikiwamo ile ya kutoka Kasindi hadi Beni. Uganda iliahidi kutoa fedha za walipa kodi wake kujenga barabara katika ardhi ya nchi nyingine. Novemba 30 mwaka huo huo, ndege na mizinga ya jeshi la Uganda, UPDF, ikaanza kazi ndani ya Kongo, katika operesheni waliyoiita Shujaa. Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi tunajua sasa: mizinga inavuka, lami inavuka, chanjo inavuka, na ushuru wa forodha haujawahi kumkosa mchuuzi. Anayeniambia kwamba amri ya kulipia karo haiwezi kuvuka kwa sababu kuna vita, ananiona mimi mtoto.

Wengine watasema haya ni mambo ya nyumbani, wazee wa koo wanayaweza. Nawaheshimu wazee wetu, na nitawaeleza bila kupepesa macho. Binti akitaka kuachana na mume mtoro, wapo wanaomwambia arudishe mbuzi kwanza. Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema Agosti 6, 2015, katika kesi iliyoletwa na shirika la Mifumi, kwamba kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ivunjike ni kinyume cha Katiba. Mbuzi wale walikuja kwa heshima ya binti, na hawawezi kugeuka kuwa mnyororo wake. Wapo pia wanaosema watoto ni wa ukoo wa baba, hivyo mama awaache huko na aende zake. Sawa. Kama watoto ni wa ukoo, ukoo uwalishe! Ukoo ule ule una wazee Bwera na una wazee Butembo. Wanajua mtoro amelala nyumba gani, amefungua duka gani, amemwoa binti wa nani. Msibani wanakutana, harusini wanakutana. Inakuwaje wakumbuke kila kitu isipokuwa anwani ya baba anayedaiwa?

Kuna wanaume watakaolalamika kwamba nawaonea. Kuna baba aliyeamka akakuta mkewe amevuka na watoto, na hadi leo hajui wanasoma shule gani. Maumivu yake ni ya kweli. Yeye pia amekosa pa kwenda, maana Uganda na Kongo zote hazimo katika mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unaosaidia kurudisha watoto waliopelekwa nje ya nchi na mzazi mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Baba huyo asinune ninapomtetea mama. Adai nasi, kwa kuwa pengo lililommeza yeye ndilo lililowameza wanawake wa Mpondwe. Yule anayeficha mshahara Beni asijifunike shuka la mwenzake.

Wengine duniani wamekwisha kulipita tatizo hili. Marekani kila jimbo lina sheria zake za ndoa, na zamani mume alihama jimbo kuwakwepa watoto. Mwaka 1996 bunge la nchi hiyo likayabana majimbo yote 50 kupitisha sheria moja, amri ya jimbo hili iwe na nguvu katika lile. Tangu Juni 2011 amri ya malezi ya Ufaransa inatekelezwa Ujerumani bila kuombewa kibali upya, na hizo ni nchi zilizouana kwa mamilioni katika karne iliyopita. Upo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1956 wa kudai malezi nje ya nchi, ambao Burkina Faso na Niger zimejiunga nao. Upo wa Hague wa mwaka 2007. Uganda na Kongo hazimo hata katika mmoja.

Na hapa ndipo nazishika serikali zetu ukosi. Mwaka 1990, Uganda na nchi iliyoitwa Zaire wakati ule ziliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto. Ibara ya 27, fungu la 4, haikuacha nafasi ya kujifanya hujaelewa: serikali zichukue hatua za kuhakikisha malezi yanapatikana kutoka kwa mzazi aliye nje ya nchi, na mzazi akiishi dola tofauti na mtoto, zijiunge na mikataba au zifanye makubaliano yao wenyewe. Hayo ni maneno yaliyowahusu watoto wa Lhubiriha kana kwamba mwandishi aliwahi kusimama darajani Mpondwe. Aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto wake, na pengine naye ameachwa au ameacha. Serikali hizo bado hazijakaa mezani.

Tunachodai si kikubwa. Kampala na Kinshasa zitie saini makubaliano ya malezi: ofisi moja kila upande, fomu moja, amri ya upande huu itekelezwe upande ule bila kesi kuanza upya, na asilete mtu hoja kwamba amri inayoweza kubadilishwa si amri. Fomu hiyo iandikwe kwa Kiswahili, moja ya lugha za taifa za Kongo na lugha rasmi ya pili katika Katiba ya Uganda, ili mama asiuze mbuzi kulipa mtafsiri. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wenyewe unazitaka nchi wanachama zioanishe sheria, ilifanye jambo hili kuwa la wanachama wote, kwa kuwa watoro wa Busia, Mutukula na Gatuna nao wanajua njia.

Kuna ya kufanyika kesho asubuhi bila kumsubiri rais yeyote. Watoro wengi hawakuondoka na kila kitu. Wameacha kibanda sokoni, shamba la kahawa mlimani, kiwanja, lori linalorudi kila wiki. Mahakimu wa Bwera na Kasese wasiandike amri za kumfuata mtu aliye Butembo wakati mali yake iko hatua chache kutoka mahakamani, waikamate. Pale mpakani, walipo maofisa wa forodha, uhamiaji na afya, aketi na ofisa ustawi wa jamii mwenye namba ya simu ya mwenzake wa Kasindi. Kama tumeweza kumpima joto kila anayevuka, tunaweza kumuuliza mdaiwa wa watoto anakwenda wapi.

Nanyi dada zangu, msisubiri kuachwa ndipo mtafute karatasi. Sheria ya kusajili ndoa za kimila ipo tangu mwaka 1973, na wengi hawajawahi kuitumia kwa sababu mbuzi walitosha. Mbuzi hawasomeki mahakamani. Sajilini ndoa, chukueni vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye jina la baba, wekeni nakala ya kitambulisho chake, jueni mashamba yake yako wapi. Siku ya amani ndiyo siku ya kuandika.

Waheshimiwa wabunge wa Kasese, mnapokuja kuomba kura mnavuka daraja hata mara mbili kwa siku kuwafuata wapiga kura walioko ng'ambo. Ulizeni swali moja bungeni: makubaliano yaliyoahidiwa mwaka 1990 yako wapi? Dawa ya deni ni kulipa. Serikali zetu zilipe la kwao kwanza, kisha zimfuate baba hadi Butembo akalipe la kwake.